Ukurasa wa Kulia

Elphas Kisia alikuwa na nusu ya wimbo. Si kwamba aliujua nusu, la. Alikuwa nayo hiyo nusu, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe ndani ya daftari la shule lenye jalada la bluu, na alikuwa amekaa nayo miaka ishirini na saba. Kila Jumapili baada ya ibada pale Ukunda, waumini wakishatoka na viti vikishapangwa, alibaki peke yake kwenye kinanda cha kanisa, akafungua ukurasa wa kwanza na kupiga. Mpu-mpu-mpum, mpu-mpu-mpum, halafu sauti moja nzito iliyokaa muda mrefu, halafu tena mpu-mpu-mpum. Basi, ndiyo hiyo. Aliyepita nje alidhani mzee anajaribu kama kinanda kinafanya kazi.

"Huo wimbo wako, bwana," rafiki yake Suleiman alikuwa akimwambia, "ni wa mtu anayengoja kufunguliwa mlango."

Suleiman alikuwa Mdigo wa Msambweni, fundi wa umeme. Wawili hao walikuwa wameajiriwa hoteli moja ya Diani tangu wangali na nywele nyeusi, mmoja akitengeneza taa za ukumbini na mwingine akipiga piano chini ya hizo taa. Hoteli ilifungwa, taa zikang'olewa, urafiki ukabaki. Jumapili Suleiman alimsubiri nje ya kanisa na pikipiki yake wakale pamoja, na kila Jumapili maneno yalikuwa yale yale.

"Hii ni nusu ya chini," Elphas alijibu. "Utamu wote uko katika nusu ya juu."

"Na hiyo ya juu iko wapi?"

"Anayo Gillian."

Suleiman alikuwa amelisikia jina hilo mpaka limemchosha. Alitikisa kichwa, akasema haya, panda twende, wali unapoa.

Sasa huyo Gillian na hiyo nusu yake havieleweki mtu asipoambiwa habari za Bi Trude. Bi Trude alikuwa mjane wa Kijerumani aliyeishi Galu, katika nyumba yenye piano nyeusi na kabati kubwa la mvule. Ndani ya kabati hamkuwa na vyombo wala nguo. Mlikuwa na vitabu vya muziki, na si vile vya kununuliwa dukani. Vilikuwa vitabu vilivyochapwa mara moja tu, nakala chache, kisha mchapaji akafa au duka likaungua, na habari yake ikaishia hapo. Vingi vilikuwa muziki mkubwa wa watu sabini, wenye fidla na tarumbeta na ngoma, ambao mtu fulani alikuwa ameukalia miezi akaupunguza mpaka ukaenea kwenye piano moja. Watu wenyewe walikuwa walimu wa shule na wapiga vinanda wa makanisa madogo, hakuna anayewajua leo. Zamani kabla ya redio, Bi Trude alieleza, mtu wa mji mdogo hakuwa na njia nyingine ya kuusikia muziki ule isipokuwa kuupiga mwenyewe sebuleni kwake. Alikuwa amevitafuta vitabu hivyo maisha yake yote. Alivifunga katika leso kuvikinga na hewa ya chumvi, akatia karafuu katikati kufukuza mende, na ukilifungua kabati lile ilikuwa harufu ya biriani na karatasi kuukuu.

Elphas alijuana naye kwa kosa. Alikuwa akipiga piano hotelini wageni wakinywa chai, kwa namna alivyojifunza kanisani kwao Maragoli, kwa sikio na kwa solfa, zile herufi za do-re-mi ambazo kwaya zetu zote huandikia. Bi Trude akaweka kikombe chini, akatembea mpaka kwenye piano, akakishika kidole cha Elphas, akakitoa mahali kilipokuwa na kukiweka kwingine. "Hapa," akasema, akarudi kwenye chai yake. Mtu mwingine angekasirika. Elphas alifurahi siku nzima, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa akivumilia kosa. Kwaya ya Ukunda ilimwogopa kuliko mchungaji. Alikuwa ameshawahi kusimamisha bibi harusi katikati ya kanisa kwa kuwa waimbaji wa sauti ya tena walikuwa wamekosa nota moja.

Bi Trude akamwita nyumbani kila Alhamisi alasiri amfundishe kusoma nota za Kizungu, zile za mistari mitano. Akamwambia pia alete mwenzake, kwa maana vitabu vyake vingi ni vya watu wawili piano moja. Elphas akamleta Gillian Mumbua wa mapokezi. Gillian alikuwa Mkamba, sauti ya kwanza katika kwaya, na piano alikuwa ameanzishwa na masista wa shule aliyosoma. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa vidole. Alikimbia mno, hilo Elphas alimwambia siku ya kwanza.

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, cha jalada la kijivu, na wimbo ndani yake ulikuwa wa taratibu sana. Vitabu vya watu wawili hupangwa hivi: ukurasa wa kushoto ni wa yule anayekaa kushoto, anayepiga sauti nzito za chini, wa kulia ni wa anayekaa kulia, na huko ndiko wimbo uliko. Elphas alikaa kushoto. Bi Trude aliwafungulia kurasa yeye mwenyewe, maana karatasi zilikuwa zimekauka na kila ukigusa pembe inabaki mkononi. Chapa hiyo, alisema, alikuwa ameitafutia nakala ya pili miaka thelathini hakuipata. "Labda ziko mbili duniani. Labda ni hii peke yake."

Waliupiga wimbo ule Alhamisi baada ya Alhamisi, mwaka mzima na zaidi. Katikati palikuwa na mahali ambapo mkono wa kulia wa Elphas na mkono wa kushoto wa Gillian ilihitaji kibao kimoja cha piano. Elphas alikipiga, akakiachia, na hapo hapo Gillian alikichukua. Kila Alhamisi Elphas alikaa akipangojea mahali hapo tangu mstari wa kwanza. Alimpenda, tuseme wazi. Alimpenda mpaka usingizi ukawa wa taabu, na hakumwambia hata nusu ya neno. Alichomwambia ni kuwa ukurasa wa sita anakimbia.

Ikaja ile tisini na saba, mwaka wa vurugu, watu wa bara walipofukuzwa makwao na Elphas akakaa wiki tatu chumba cha nyuma kwa mamake Suleiman. Wageni wakaisha. Hoteli ikapunguza wafanyakazi, Gillian akiwa miongoni mwao. Bi Trude akauza nyumba, na mpwa wake akaleta habari kwamba vitabu vitapakiwa melini baada ya wiki mbili.

"Turuhusu tuunakili huu mmoja," Elphas alimwomba.

Mashine ya fotokopi ilikuwepo Ukunda, lakini Bi Trude hakutaka kuisikia. Kitabu kile ukikilaza kifudifudi juu ya kioo na kukikandamiza, mgongo wake unavunjika. Kwa mkono, sawa. Basi wakanunua madaftari mawili. Elphas alikwenda asubuhi, kwa kuwa jioni alikuwa kazini; Gillian alikwenda alasiri, akitoka kufungasha mizigo yake. Waliandika kwa solfa, maana ndiyo mikono yao iliyoizoea.

Na hapa, jamani, msimcheke Elphas, au mcheke kidogo tu. Mtu aliyelelewa na kwaya zetu anajua inavyokwenda. Mwalimu huandika sauti nne ubaoni, na kila mtu hunakili yake. Besi huandika besi, alto huandika alto. Besi akionekana anaandika soprano ataulizwa kama ana homa. Elphas alikuwa ameimba besi tangu sauti ilipomvunjika. Alikaa mbele ya kitabu kile asubuhi tano, akanakili ukurasa wa kushoto, mkono wa kulia na mkono wa kushoto, mpaka nukta ya mwisho, akahakiki mara mbili, akafunga daftari. Ukurasa wa kulia ulikuwa pale pale mbele ya macho yake siku zote tano. Haukumpitia akilini, kwa kuwa ulikuwa na mwenyewe.

Siku Gillian alipoondoka, Elphas alimsindikiza mpaka stendi.

"Umenakili yote?" Gillian aliuliza.

"Yote."

"Na mimi yote."

Gillian akasimama. Gari lilikuwa limejaa, utingo anaita, na yeye amesimama tu na mkoba wake, anamtazama Elphas usoni. Na Elphas, loh, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, akafungua kinywa akasema: "Huko ukipata piano, ukurasa wa sita usikimbie."

Gillian alicheka kidogo, akapanda.

Elphas aliandika barua mbili, moja ikarudi. Akasikia Gillian ameolewa huko Makueni. Naye akaoa, akapata watoto wawili, akafiwa na mkewe, watoto wakaenda zao, yaani maisha yalimpitia yanavyowapitia watu wote. Lakini nusu ile haikumwacha. Kadiri alivyoipiga ndivyo alivyozidi kuitamani ile nyingine. Ajabu ni kwamba hakuikumbuka. Mwaka mzima alikuwa amekaa kando yake, bega kwa bega, na kilichombakia ni nota tatu za mwanzo na kwamba mahali fulani katikati ilipanda ikakaa juu, haishuki. Mengine yote yamekwenda. Mwaka ule wote alikuwa akihesabu mapigo. Alikuwa akijisikiliza mwenyewe asikosee. Hilo alilijua, na lilimuuma.

Nusra, binti yake Suleiman anayefanya kazi maktaba moja Mombasa, alimtafutia mtandaoni. Alipata mstari mmoja tu katika orodha ya mnada wa zamani huko Ulaya: kitabu chembamba, jalada la kijivu, kimechakaa. Nani alikinunua, kiko wapi, kimya.

Kisha mwezi wa sita daktari wa masikio kule Msambweni akamvalisha vile vya kusikilizia, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Elphas alikaa na mkono chini mpaka akadhani mashine imeharibika.

"Ni umri, mzee wangu," daktari akasema. "Za chini unazisikia vizuri. Za juu ndizo zinazotangulia kuondoka, na zitaendelea."

Njiani Suleiman alisema mambo mengi ya kumfariji. Elphas aliyasikia yote, maana Suleiman ana sauti nene, lakini alichokuwa akifikiri ni kimoja. Alitaka kuusikia wimbo ule mzima, mara moja tu, kabla hayo masikio hayajaifungia mlango nusu ya juu.

Mwezi wa nane kukawa na tamasha la kwaya Ukunda. Zikaja kwaya tisa, mojawapo ya Kikoneni. Mwalimu wao, Mwinga, aliiweka karatasi ya wimbo wao juu ya kinanda akaenda kupanga watu wake, na Elphas akainama kuisoma atafute makosa, maana hajawahi kuona karatasi ya kwaya akaiacha salama. Hakuona kosa. Aliona mwandiko, ule aliouzoea zamani katika karatasi za Gillian za kwaya. Ile m yenye mguu mmoja mrefu, na nukta mbili za kutenga mapigo zilizochorwa kama viduara vidogo, halafu mstari wa chini uliopigwa bila rula ukapanda kidogo mwishoni. Akakaa chini bila kuangalia anakalia nini, na kinanda, ambacho kilikuwa kimewashwa, kikapiga kelele kanisa zima likageuka.

"Nani kaandika hii?" alimuuliza Mwinga.

"Hiyo? Mama Japheth. Ndiye anayetunakilia nyimbo zote. Yuko kwa mwanawe hapo Kikoneni, miaka minne sasa."

Miaka minne! Elphas alitoka nje akamweleza Suleiman, na Suleiman akapiga konde tangi la pikipiki. "Miaka minne, mtu yuko hapo tu, na wewe unanipigia mpu-mpu-mpum?"

Jumamosi iliyofuata wakaenda. Elphas alitoka nyumbani na daftari lake ndani ya mfuko wa karatasi, na Suleiman alipoliona akazima pikipiki.

"Ndicho unachokwenda nacho?"

"Kwani?"

"Hujaonana na mtu miaka ishirini na saba, ukamtokee na daftari! Una akili wewe?" Msambweni wakasimama dukani wakanunua sukari kilo mbili, majani ya chai na mikate, na Suleiman akaongeza halua kwa hiari yake. Kisha wakaiacha barabara ya Lunga Lunga wakashika ya kuingia bara, vumbi jekundu, mashamba ya mihogo na mikorosho huku na huku. Elphas alikuwa akijisemesha moyoni atakavyoanza. Alianza mara kumi, na kila mara alijisahihisha.

Gillian alikuwa ameketi barazani anapukusa mbaazi katika ungo. Nywele zimekuwa nyeupe, amevaa miwani, miguu imevimba kidogo ndani ya ndara. Aliinua uso, akamtazama huyu mzee anayeshuka kwenye pikipiki kwa taabu, akaweka ungo chini.

"Elphas," alisema. "Umechelewa. Chakula cha mchana tumekwisha kula."

"Hujambo, Mama Japheth?"

"Mama Japheth ni nani kwako? Mimi naitwa Gillian. Sijambo. Karibuni."

Wajukuu wawili wakaja, shikamoo babu, shikamoo babu, marahaba, sukari ikapokewa, chai ikawekwa jikoni. Suleiman alisalimia, akaulizwa hali ya nyumbani, akajibu alhamdulillahi, halafu akaona swichi ya sebuleni inacheza, akaomba bisibisi na kupotelea ndani. Fundi hawezi kukaa na swichi inayocheza, lakini pia hakuwa mjinga.

Wakazungumza. Mume alikuwa amefariki mwaka wa elfu mbili na kumi na tano. Japheth anafundisha shule ya jirani. Bi Trude naye alifariki zamani, Elphas alipata habari. Elphas akapewa chai akainywa yote bila kuonja, kisha akashindwa kungoja zaidi.

"Gillian, lile daftari unalo?"

Gillian hakuuliza lipi. "Ninalo."

"Nimekuja kukuomba niliangalie. Masikio yangu yanakwenda. Nataka kuisikia yako kabla hayajakwisha. Yangu nimeipiga miaka yote hii mpaka imeniota mkononi, lakini peke yake si kitu. Nimeitamani yako, Gillian. Nimeitamani kama," akakosa la kufananisha, "nimeitamani tu."

Gillian alimtazama muda, na usoni mwake palikuwa na kitu Elphas hakukielewa, kama mtu anayetaka kuuliza swali akaghairi. Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Akakawia. Alirudi na kitu kimefungwa katika leso, akakifungua taratibu juu ya meza. Daftari lilikuwa la bluu kama lake.

Elphas alipangusa mikono kwenye suruali kwanza. Akafungua. Akaimba moyoni mstari wa kwanza, mkono wa chini, mkono wa juu. Mpu-mpu-mpum, mpu-mpu-mpum, halafu sauti moja nzito.

Akadhani ameanzia pabaya. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa sita. Akatoa daftari lake kwenye mfuko, akayalaza yote mawili sambamba, akafuata kwa kidole huku na huku. Herufi kwa herufi, pumziko kwa pumziko, yalikuwa kitu kimoja.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ndiyo. Ni yako."

"Na yako iko wapi?"

"Si unayo wewe?"

Ndani Suleiman alikuwa akigonga gonga kitu ukutani. Gillian akalivuta daftari la Elphas upande wake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wewe ulinakili ipi, Elphas?"

"Yangu."

"Yako?"

"Ya kushoto. Si kila mtu hunakili yake?"

Gillian alianza kucheka. Alicheka vizuri, kama zamani, kisha kicheko kikakatika chenyewe. "Yako ulikuwa nayo vidoleni," akasema. "Na mimi yangu nilikuwa nayo vidoleni. Mtu akisafiri habebi picha yake mwenyewe, Elphas. Hubeba ya mwenziwe. Mimi nilikaa alasiri tisa mbele ya kile kitabu naandika ukurasa wako, na kila siku nikijiambia, asubuhi alikuwa hapa anaandika wangu. Pale stendi nilikuuliza umenakili yote. Ukasema yote."

Elphas aliyaangalia madaftari mawili juu ya meza. Alikuwa mtu wa kujibu haraka, wa kumsahihisha mtu kabla hajamaliza, na safari hii kosa lilikuwa lake. Kila Jumapili, miaka yote hiyo, alikuwa akimlaumu Gillian moyoni kwa kuondoka na wimbo.

"Lakini unaikumbuka," alisema mwishowe. "Ni yako. Uliijua bila kitabu."

"Niliikumbuka miaka kama kumi. Nilikuwa nikiiimba nikifua. Kisha watoto, na kwaya, na ugonjwa wa baba yao, nyimbo nyingine zikaingia juu yake. Siku moja niliitafuta sikuiona." Akaikunja leso, akaikunjua. "Sikuhangaika sana. Nilijiambia, si kitu, iko kwa Elphas."

Basi Elphas alilia. Mzee wa miaka sitini na mitano, ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani kwa watu, akalia machozi yakamfika kidevuni. Alilia kwa ajili ya wimbo, kwamba hauko tena popote duniani anapoweza kufika, na ni yeye aliyeuacha ukae mbele yake asubuhi tano bila kuugusa. Akalia zaidi kwa ajili ya zile alasiri tisa. Mjukuu mmoja alichungulia, Gillian akamwashiria aende.

"Ungeniambia nibaki, ningebaki," Gillian alisema. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema tu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. "Sasa panguza uso. Imba."

"Niimbe nini?"

"Yako. Niimbie yako, niitafute yangu juu yake. Huenda ikaja."

Akaimba. Sauti ya besi ilikuwa imechakaa lakini haikutikisika: do, so, so, do, so, so. Gillian alifumba macho. Mstari wa kwanza ukapita, hakuna kitu. Wakarudia. Mara ya tatu Gillian akaingia, chini chini, sauti ya bibi sasa, si ile ya juu ya zamani, na Elphas akaisikia yote bila taabu. Zilikuwa zile nota tatu za mwanzo. Gillian akaendelea, ya nne, ya tano, uso wake umefunguka, anatikisa kichwa kwa furaha. Elphas akachomoa kalamu mfukoni, akafungua nyuma ya daftari ambako kurasa zilikuwa tupu, akaanza kuandika huku akiimba.

Mstari wa pili haukuwa wenyewe. Alijua mara moja. Ulikuwa wimbo wa sadaka, ule ambao kwaya zote za pwani huimba wakati wa mavuno, umejiingiza hapo kimya kimya, na Gillian hakuutambua. Haukukaa juu ya besi hata kidogo. Mahali ambapo Elphas alishika ile sauti nzito ndefu, Gillian alikuwa ameshuka akaigonga, na sauti hizo mbili zikasuguana vibaya.

Gillian akafumbua macho. "Ndiyo?" aliuliza. "Ndiyo hiyo, Elphas? Naona kama ndiyo."

Elphas aliangalia daftari. Aliangalia ile nota yake ndefu, aliyoinakili mwenyewe kutoka kitabu ambacho labda ni kimoja tu duniani, akaihakiki mara mbili, akaipiga Jumapili zote zile bila kuisogeza. Akaikata kwa kalamu. Juu yake akaandika nyingine, iliyokubaliana na ya Gillian.

"Mbona unakata yako?"

"Nilikosea mimi," alisema. "Endelea. Naandika."